Seti ya Manukato Niliyovaa Kwenda kwa Hajji

Jamani, aibu hii naisimulia mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Koboko, maana wao wanaisimulia vibaya, wanaongeza kwamba nilikimbia. Kukimbia sikukimbia. Kulia nililia, na nitawaambia ni wapi.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa ualimu hapa Arua, nimepanga chumba Awindiri pamoja na Drani, kijana mzuri, mcha Mungu, ambaye siku za wikendi alikuwa anauza samaki wakavu, na gunia la samaki (mimi sijui kwa nini nilikubali) lilikuwa linalala chini ya kitanda changu, si chake. Kwa hiyo nguo zangu zilikuwa zinanuka samaki, vitabu vyangu vinanuka samaki, na siku moja nikiwa darasani mhadhiri alifungua dirisha lililokuwa karibu nami. Nikaona basi, imetosha.

Sasa, muhula ule tulitakiwa kila mtu atafute shule ya kufanyia mazoezi ya kufundisha, na arudishe barua ya kukubaliwa Jumatatu asubuhi, asiye na barua anarudia mwaka. Mimi nilikuwa nimekataliwa shule tatu. Iliyobaki ilikuwa shule moja ya msingi huko Koboko, na mwenyekiti wa kamati yake alikuwa Hajji Ramadhani, Mnubi, mzee wa watu, ambaye alikuwa anaumwa miguu na kifua wiki nyingi lakini alikubali kwa simu nije Jumamosi anione kwanza. Alisema, "Mwalimu mimi naangalia kwa macho, hapana kwa karatasi." Mimi nikawaza, akiangalia kwa macho hakuna shida, shida ni akivuta pumzi.

Ijumaa jioni nikaingia kwenye duka moja la mafuta ya kunukia sokoni Arua. Nilitaka kachupa kadogo tu, anasa ya mwanafunzi, kitu cha kumfanya mtu ajisikie mtu. Nikauliza bei ya kachupa, nikakarudisha mahali pake. Halafu nikaona pembeni seti imefungwa vizuri ndani ya nailoni: chupa ya manukato, sabuni, kipakiti cha vipande vyeupe kama sukari ya mawe, na pamba. Vitu vinne, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya kachupa peke yake. Nikajiambia, Amandu, wenzako wananunua kwa macho, wewe unanunua kwa akili.

Mwenye duka, mzee wa kofia, akaniuliza kwa upole, "Hii iko ya mwanaume ama mwanamke?"

"Ya mwanaume."

"Mtu mzima?"

"Wa kawaida tu, kama mimi hivi."

Akatikisa kichwa, akasema maneno ya Kiarabu kwa sauti ya chini, nikajua anabariki biashara, nikamjibu "Amina." Akapunguza bei bila mimi kubembeleza (hapo ningeshtuka, lakini nani anashtuka akipunguziwa bei?). Akaniuliza, "Na kitambaa nyeupe unayo?" Nikamwambia ninalo shati jeupe, limepigwa pasi tayari. Akaniangalia kidogo. "Shati," akasema. "Haya. Kila watu na desturi yao." Akanipa pole, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na mimi nikatoka pale nikisema wafanyabiashara wa Arua wana adabu.

Jumamosi nikaamka mapema, nikaoga kwa ile sabuni mara mbili. Vile vipande vyeupe nikaviweka mifukoni, vitatu kila upande, maana niliona ni vya kufukuza harufu kwenye nguo. Manukato nikajipaka shingoni, kifuani, mikononi, na kwa sababu niliwahi kuona wazee wakitoka msikitini na pamba ya manukato kwenye sikio, na mimi nikalowesha pamba, nikaweka. Masikio yote mawili. Drani akaamka, akanusa, akasema, "Ndugu yangu, leo hata samaki wamenyamaza." Vilivyobaki nikavirudisha ndani ya nailoni yake, nikaondoka navyo.

Na manukato yalifanya kazi, msidanganywe. Kwenye taksi ya Koboko dereva aliponiona alimwondoa mtu kiti cha mbele akaniweka mimi. Akazima muziki. Mama mmoja nyuma akanigusa bega akasema, "Jikaze, mtoto yangu, hii njia yetu wote." Nikamwambia asante, najikaza, nikidhani anasema mambo ya kutafuta kazi. Njia nzima hakuna aliyepiga kelele. Mimi nimekaa mbele, nimenyooka, nikawaza kwamba kumbe matajiri ndivyo wanavyoishi kila siku.

Nikafika kwa Hajji kama saa nne. Uani hakuna mtu. Nikapiga hodi, sauti ikatoka bafuni nyuma ya nyumba: "Nani?"

"Ni mimi Hajji, mwanafunzi wa barua."

"Ingia kaa. Mimi naoga. Miguu hii inaoga polepole."

Nikaingia sebuleni, nikakaa kwa heshima, nailoni yangu nikaiweka juu ya meza. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, kitanda kitupu, shuka limetolewa. Nyumba ikajaa harufu yangu, nikafurahi. Kidogo akaingia mkwe wake, Mama Zubeda, anatoka sokoni na kapu la mboga. Akasimama mlangoni. Akavuta pumzi. Akaangalia kitanda, akaangalia meza, akaniangalia mimi na shati langu jeupe na pamba zangu. Kapu likaanguka.

"Saa ngapi?" akaniuliza, sauti imekatika.

Nikaangalia saa yangu ya mkononi. "Saa nne na robo, mama."

Aliyoitoa pale ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu mmoja. Akakimbia nje ameshika kichwa, na kabla sijasimama vizuri, majirani wameshaanza kuingia, wanawake wameketi chini wanalia, mwanaume mmoja yuko kwenye simu, mwingine anampa dereva wa boda maagizo, boda anaondoka na vumbi lake.

Sasa mtaniuliza, Amandu, hukuelewa? Sikuelewa. Mimi nilijua Hajji yuko bafuni anaoga. Nilichoelewa ni kwamba yule mama amepata msiba wa kwao, na mimi nimelelewa Mvara, baba yangu katekista, nimefundishwa kwamba ukikuta msiba usikae kama waziri. Basi nikavua saa, nikakunja mikono ya shati, nikasaidia kutoa viti. Nikabeba benchi. Nikapanda juu ya ngazi kufunga turubai, mimi kamba ya huku, mzee mmoja kamba ya kule. Watu wananipisha. Wananipa pole, nami nawapa pole. Turubai lilipokaa vizuri ndipo nikamwinamia yule mzee, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, amefariki nani?"

Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Hajji!"

"Hajji anaoga," nikasema.

 Yule mzee aliiachia kamba. Upande wake wa turubai ukashuka juu ya vichwa vya wanawake, na chini ya turubai kilio kikaongezeka.

Ni hapo Hajji Ramadhani alipotokea nyuma ya nyumba, taulo begani, ndoo mkononi, anatembea hatua moja moja. Akaona viti. Akaona watu wake wote. Akauliza, "Yaa, nani amekufa?"

 Mama Zubeda alitoa kichwa chini ya turubai, akamwona, akarudi ndani ya turubai. Wanaume wawili wakubwa walikwenda upande wa barabara kwa mwendo ambao siyo kutembea (hao ndio waliokimbia, siyo mimi, iandikeni hiyo). Hajji akanusa hewa. Akanusa tena. "Nani ameleta hii harufu nyumbani kwangu?"

Jamani, sijawahi kunyooshewa vidole vingi namna ile.

Akaingia sebuleni, mimi nyuma yake, watu nyuma yangu. Akafungua nailoni, akatoa kitu kimoja kimoja juu ya meza. "Sabuni ya kuosha maiti," akasema. "Kafuri ya maiti. Pamba ya maiti. Manukato ya maiti." Akaigeuza sabuni. "Na hii imetumika. Nani ameoga?"

"Mimi, Hajji."

"Ulikuwa umekufa?"

"Hapana, Hajji."

Kuna mtu nyuma alicheka, halafu wote wakacheka, Hajji mwenyewe akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikaona nimepona, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta barua, ikatoka kafuri. Wakacheka tena. Nilitamani kuingia chini ya meza, lakini meza yenyewe ilikuwa ya kioo.

Halafu Mama Zubeda akasema, "Baba, na Lobule je? Tumeshatuma boda kwa shangazi Asha."

Kicheko cha Hajji kikakatika. Akakaa. Asha alikuwa dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa, mwanamke mzee, moyo wake mbovu, simu yake haishiki. Hajji alinitazama na uso mwingine kabisa. "Wewe kijana. Dada yangu sasa iko njiani analia mimi, na jua hii. Kuna baskeli nje. Nenda umwambie kwa mdomo yako. Kama ataanguka kwa sababu ya sabuni yako, usitafute barua. Na mimi usinitafute."

Sikungoja. Nikachukua baskeli, nikakanyaga njia ya Lobule, na nawaambia ukweli, ile barua niliisahau. Nilikuwa namwona bibi wa watu amelala pembeni mwa barabara kwa sababu mimi nilitaka kunukia. Niliomba kila kilima. Watu walioninusa nikiwapita walivua kofia.

Nilimkuta kabla ya nusu ya njia. Alikuwa peke yake (ile boda iliyomchukua ilikuwa imeharibika njiani), mdogo, mwembamba, amefunga kitenge kiunoni, viatu mkononi, anatembea haraka. Nikaruka chini. "Bibi, shikamoo, Hajji hajafa! Yuko nyumbani, ameoga, hajafa!"

Akanisogelea, akaninusa. Akatoa pamba kwenye sikio langu la kulia, akanionyesha. "Wewe umetoka kumwosha," akasema, "na unaniambia hajafa."

Nikapiga simu kwa Mama Zubeda, akampa Hajji, nikamwekea bibi sikioni. Akasikiliza. "Sauti ni yake," akasema, "lakini siku hizi watu wanaweka sauti ya mutu kwa simu hata kama ameshakufa." Halafu akaishika simu kwa mikono miwili, akaongea taratibu. "Kama ni wewe, Ramadhani, nani alimwaga mafuta ya simsim ya baba?"

  Nikamsikia Hajji, sauti ndogo kabisa: "Ni mimi, Asha. Na nikasema ni wewe. Wakakupiga wewe."

Bibi akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye, yuko hai, mwongo yule." Akalia. Na hapo ndipo na mimi nililia, nimeshika baskeli ya watu katikati ya barabara, nanuka kama kaburi. Sioni haya kusema.

Nikampakia nyuma, akanishika kiuno, tukarudi polepole. Njia nzima alikuwa ananipiga mgongoni kwa kiganja, siyo kwa nguvu, anasema, "Kijana mjinga. Kijana mjinga sana." Namjibu, "Ndiyo, bibi."

Tulipofika hakuna aliyekuwa ameondoka. Hajji alikuwa amesimama getini kwa miguu yake hiyo mibovu. Bibi Asha akashuka, akaenda mpaka mbele yake, akampiga kiatu kimoja begani. "Hii ya mafuta," akasema. Halafu akaangusha kiatu, akamkumbatia, na watu wote uani wakawa wanaangalia chini. Kwa kuwa viti vilikuwa vimetoka na turubai lipo, Hajji akaagiza wapike, watu wakala mpaka alasiri, na vyombo vyote niliosha mimi.

Barua aliweka sahihi mwishoni, juu ya goti lake. Ile seti nilitaka kwenda kuitupa, Bibi Asha akaninyang'anya, akaifunga kwenye kitenge chake. "Hiyo siyo ya kutupa," akasema. "Mimi na huyu hatukawii." 

Leo nafundisha shule hiyohiyo. Siku hizi nikitaka anasa nanunua soda baridi, nakunywa hapohapo dukani, mwenye duka akiniona. Kitu cha kujipaka sinunui tena mpaka nimeuliza watu watatu wa dini mbili ni cha nini. Na kila asubuhi nikipita kwa Hajji kwenda darasani, namkuta amekaa kibarazani na redio yake, mwembamba kuliko mwaka jana, anainua fimbo akiniona na kuniita kwa sauti mtaa mzima usikie:

"Bado, mwalimu! Bado!"