Majani ya Mkunazi wa Kutulo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo pale Garissa alinikabidhi bahasha za karatasi na mfuko wa chembe za kukaushia, akasema, "Ni majani tu, Sahara. Unachuma, unatia, unaleta." Mimi tangu utotoni simwamini mtu anayesema "tu". Nikamuuliza majani hayo yanakwenda kwa nani. Alikunja uso, lakini alinieleza.

Kazi yenyewe, enyi vijana mnaoitamani, ilikuwa hivi. Tulifuata mikunazi ya mwituni, ile tunayoiita gob, yenye tunda mfano wa tufaha dogo. Ndani ya kila jani mna vinasaba, yaani urithi ambao mti umeupata kwa wazazi wake. Maabara ikivisoma inajua mti upi ni ndugu wa upi, na mbegu zilifikaje pale: kwa mbuzi, kwa ngamia, au kinywani mwa mtu aliyehama na mifugo. Miti ya mahali pamoja ikitofautiana, ugonjwa hauimalizi yote. Ikifanana, mmoja ukiugua yote imeugua.

Kutoka Garissa nilihamishiwa Habaswein. Huko kila nilipochuma niliulizwa nani amekufa, kwani kwetu majani ya gob hupondwa yakatiwa katika maji ya kuoshea maiti. Nikijibu hakuna, walinitazama kwa jicho baya zaidi. Mtu anayekusanya majani ya maiti na hana maiti, bila shaka kuna mtu anayengoja afe. Sikuwalaumu, hata mimi ningejishuku.

Kisha akaja Mratibu wa Mradi. Alikuwa mpole, mwenye viatu visivyoshika vumbi, na hilo peke yake lilinitosha kumshuku. Kijijini Kutulo alikwenda kuchuma yeye, bila mimi. Majibu ya maabara yalipotoka alituita ofisini akiwa na furaha.

"Mikunazi ya Kutulo haina tofauti hata chembe," alisema. "Yote ni kama mti mmoja. Tutaing'oa, tupande miche ya kisasa yenye matunda makubwa."

"Miche hiyo inatoka kwa nani?" nikauliza.

"Sahara, wewe unashuku hata uji."

"Uji nauona ukipikwa, bwana."

Moyoni niliungua. Mikunazi ile ni kivuli cha kisima, ni chakula cha watoto wakati wa kiangazi, na ni sitara ya wafu wetu. Nilikuwa na hakika kwamba Mratibu alijaza bahasha zote kwa majani ya tawi moja ili apate kuuza miche. Nilimwomba Mkuu wa Kituo ruhusa nikakague kabla ya mashoka kufika. Alininyima, nikarudi, akanipa, nadhani ili nimwondokee.

Kutulo nilipokewa na Ayeyo Dahabo, nyanya anayeosha maiti wa kike. Pale kisimani hakuna achumaye gob ila kwa idhini yake. Nilimuuliza yule bwana wa gari alichumaje.

"Hakuchuma, hooyo, mwanangu. Angechumaje? Nilimwambia kwa Kiswahili changu, 'Wewe ngoja kwa gari, mimi naleta.' Nikamjazia karatasi zake zote."

"Kutoka miti ipi?"

"Ule wa maiti." Akanionyesha mkunazi mmoja uliosimama peke yake upande wa makaburi. "Majani ya kutolewa hutoka pale. Ulidhani nitamtembeza mgeni kwenye miti yote ya watu?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Mratibu hakudanganya, maabara haikudanganya. Nilikuwa nimemshuku kila mtu isipokuwa nyanya wa kwetu.

"Ayeyo," nikamwambia, "huko kuficha kwako ndiko kutakakoing'oa. Wameona mti mmoja, wanadhani mnao mmoja."

Alitafuta uongo usoni mwangu. Kisha akajitanda shuka yake vizuri akaniongoza lagani, kwenye mkondo mkavu wa mto, mti baada ya mti, nikichuma kwa mkono wangu mwenyewe. Majibu mapya yalionyesha kwamba mikunazi ya Kutulo ina mama wengi, tena inatofautiana kuliko ya Habaswein. Mratibu aliyasoma akaufuta mpango wa kung'oa. Alinishukuru mbele ya wenzangu, jambo ambalo mpaka leo nalishuku.

Sasa nimestaafu, naishi Waberi. Majuzi dereva wa lori la mbuzi aliniletea kifurushi kutoka kwa Ayeyo: majani makavu ya gob, akiba ya siku yangu ya kuoshwa. Nililia, maana hiyo ni heshima ya mtu kwa jamaa yake. Halafu tabia ikanishinda. Nikatoa jani moja nikampelekea Afisa wa Maabara, anitazamie ni la mti upi.

Alinipigia simu. "Mama Sahara, hili si la ule wa maiti. Wala si la mti wowote uliotuletea. Mti huu hatujawahi kuuona."

Nilicheka peke yangu hadi majirani wakasikia. Kumbe siku ile, mti baada ya mti, Ayeyo alibakiza wake. Nimekifunga kifurushi nikakiweka juu ya kabati. Afisa bado anapiga, anataka kujua mti huo uko wapi na majani yake yana nini.

Nimemwambia ni majani tu.