Mpima Moshi Alikula Kwetu

Mama yangu hamwamini mtu mpaka amlishe. Hata huku katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tulikofika kutoka Kivu ya Kusini na sufuria mbili na Biblia, anashikilia kwamba aliyekula chakula cha moto wako hawezi kwenda kukusema vibaya nje. Ndivyo tulivyolelewa kwetu, na ndicho kilichotuponza.

Kijana wa ofisi ya mazingira alikuja wakati wa kiangazi na kisanduku cheupe cha kupima hewa. Aliupenda ukuta wetu kwa sababu mbele yake ndipo wanawake wa mtaa mzima walipopikia. Alikuwa mtoto wa askari, kazaliwa katika kambi ya jeshi Mbarara, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko kambini, hakimwogopi mtu.

"Mama, hapana ogopa," alimwambia mama, aliyekuwa akikohoa juu ya sufuria. "Hii kisanduku naangalia moshi tu. Tukipata namba, tunapeleka kwa mkutano ya nchi zote jirani. Moshi hapana na pasipoti. Halafu majiko ya kisasa nakuja, na yako ndiyo ya kwanza."

"Ya kwanza," mama alirudia, akampakulia. Kifua chake kilikuwa kimeharibika siku nyingi, na daktari alishamwambia akae mbali na kuni, kana kwamba bugari, ugali wetu, hupikwa kwa maombi.

Mwanzoni wanawake waliona haya. Kwetu mgeni hapokewi kwa moshi machoni. Ua hufagiwa, maji hunyunyizwa, moto huhamishiwa nyuma ya nyumba. Kila mara kijana alipokuja kukagua kisanduku chake, mafiga yote yalikuwa yamezimwa. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuwakataza.

"Mukizima, kitasema hapa fasi yetu hewa iko muzuri," niliwaambia, "na majiko hatutapata. Mukiache kituone vile tuko."

Walinisikiliza. Wakawasha hadharani, hata kuni mbichi, machozi yakiwatoka huku wanacheka. Naye kijana alikaa kwenye kigoda katikati ya moshi ule, akala sombe ya majani ya muhogo na ndagala za mama, akaomba nyongeza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilijisemea. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Siku ya mkutano alitupeleka Mbarara kwa gari la ofisi, mimi na mama, mama kavaa kitenge chake cha kanisani. Ukumbi ulikuwa upande wa Biharwe. Nje madereva waliacha injini zinanguruma ili wakubwa wakirudi wakute gari lina ubaridi, na moshi nilioumeza pale mlangoni ungetosha kupikia maharagi. Ndani, meza zilipangwa bendera ndogo ndogo za nchi. Nilipoiona ya Kongo nilifurahi kama mtoto. Bwana aliyekaa nyuma yake alikuwa anabonyeza simu, na hakuinua kichwa mpaka chai ilipoletwa.

Walisema nchi ndogo haiwezi kuuzuia peke yake moshi unaovuka mpaka, kwamba ni lazima majirani wapime kwa kipimo kimoja na waamue pamoja. Yalikuwa maneno mazuri, na hadi leo nayaona mazuri. Kisha kijana wetu alisimama, na ukutani ikatokea picha kubwa ya mama, kainama motoni.

"Ni miye ule!" mama alinong'ona, akinibana mkono. Alidhani anaheshimiwa.

"Hapa ndiyo moshi mbaya natoka," kijana alisema. "Hawa watu nachoma kuni, nachoma makaa, kila siku. Tukikataza moto hapa, hewa ya Mbarara napona."

Nilisubiri neno majiko. Nilisubiri mpaka akakaa. Niliponyoosha mkono, mwenyekiti alisema muda umekwisha, akawaomba wote watupigie makofi, na wakapiga. Niliumia. Niliumia kuliko siku tuliyovuka mpaka, maana waliotufukuza kule hatukuwahi kuwapakulia.

Garini tukirudi, tulipofika Masha, mama alinigeukia. "Alikula kwetu," alisema, basi.

Katazo lilikuja, majiko hayakuja. Moto wa kuni ukawa marufuku mtaani kwetu, na magunia ya makaa yakawa yananyang'anywa njiani. Wanawake walinijia mlangoni. "Ulitutuma tuwashe," mmoja aliniambia, "kumbe ulikuwa unatuuza." Hakuna hata mmoja kati yetu mwenye mtungi wa gesi, kwa hiyo sasa kila mtu anapikia ndani, mlango umefungwa ili asionekane. Kikohozi cha mama nakisikia kupitia ukuta, na siku nyingine kinanizuia hata kufikiri.

Juzi kijana alirudi kufungua kisanduku chake. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

"Namba imeshuka kabisa!" alisema. "Mama, hewa yenu sasa iko safi. Hongera sana."

"Ukae, mwana wangu," mama alimwambia. "Hauwezi kutoka hapa na njaa."

Nilitaka kupiga kelele. Mama alimletea kigoda kilekile, akamnawisha mikono, akaweka mbele yake sahani iliyofunikwa. Kijana alisugua viganja, akafunua. Ndani mlikuwa na maharagi makavu, mabichi, yamechambuliwa vizuri, hayana hata jiwe moja.

"Kula," mama alisema. "Moto, mulikataza."

Kijana alinitazama mimi ili nimsaidie. Sikumsaidia. Mama alibaki amesimama mbele yake na jagi la maji, akikohoa, akimsubiri aanze.