Reli ya Kiti cha Dereva

Mtu mzima na akili zake anatoka Kisumu, anavuka mpaka, anakuja kusimama juani Busia kutafuta washa ya bolti ya kiti! Nilipoona jambo hilo mara ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga maziwa. Mimi ni Auma, napika chai na chapati mlangoni pa kibanda cha wifi yangu Ajambo, na kwa miaka yote niliyokaa hapo nimeona wendawazimu wa kila aina. Lakini hawa wa magari ya zamani, jamani, hawana mfano.

Ni vile vigari vidogo vya mashindano, vya milango miwili, ambavyo baba zetu waliviona vikipita na vumbi lao. Vingi viliozea nyuma ya nyumba za matajiri, kuku wakavifanya viota. Siku hizi wenye pesa zao wanavifufua, na mwenye kufufua anataka kila kitu kiwe orijino, hata bolti ya kiti ambayo hakuna atakayeiona labda alale chali sakafuni. Wakikwama, wanaambiwa nenda Busia, upande wa Uganda, uliza Ajambo wa viti.

Ajambo ni Msamia wa Lumino. Baba yake alishona viti vya malori, na yeye akakulia kwenye sponji na ngozi, ila macho yake yaliangukia vyuma. Unamletea kopo lililojaa takataka, analimwaga juu ya gunia na kuanza kuchambua kama anachambua maharage. Hii orijino. Hii feki. Hii orijino, lakini ya gari lingine. Nilimuuliza anajuaje.

"Tazama kichwa cha bolti, mulamu," alisema, maana huku ndivyo tunavyoitana mtu na wifi yake. "Ya kiwandani alama yake imegongwa, imetulia. Hii alama imechongwa juzi, pitisha ukucha uone inavyokwaruza. Na hii rangi ya manjano, ya orijino imeingia mpaka katikati ya meno. Ya feki sugua na mafuta ya taa, inakuja yote kwa kitambaa."

Springi aliivuta, akaiachia, akategea sikio. Hakuwahi kuita feki orijino, si kwa rafiki, si kwa mtu wa kanisani, si kwa dalali aliyemletea kuku. Madalali walimsengenya kwa hilo, na kesho yake walirudi na makopo yao.

Mume wake, Odoi, alikuwa kaka yangu wa damu. Sisi ni Wapadhola wa Kiyeyi, kule Tororo. Odoi ndiye aliyeendesha magari yakishatengenezwa na kuyafikisha kwa wenyewe. Alikuwa mrefu, mrefu wa kuchekesha, na kumwona akiingia kwenye kigari kile cha manjano cha tajiri mmoja wa Kisumu ilikuwa kama kuona mtu akivaa shati la mtoto. Magoti yaligonga usukani. Alijaribu kurudisha kiti nyuma kikagoma, maana kilikuwa kimefika mwisho wa reli.

Reli ni vile vyuma viwili vya chini ambavyo kiti huteleza juu yake. Vina matundu yamepangwa mstari. Ukivuta mkono wa chuma ulio chini ya kiti, pini inatoka kwenye tundu, unasogea mbele au nyuma, kisha pini inaingia tundu jingine na kiti kinatulia. Tundu la mwisho la kiwandani halikumtosha kaka yangu. Basi Ajambo, huyu huyu anayeweza kukufukuza ukikwaruza orijino, alichukua drili akatoboa tundu moja zaidi huko nyuma kabisa, akalisafisha kwa tupa. Reli ya miaka hamsini hiyo!

"Umeharibu orijino, wewe mwanamke," nikamtania.

"Acha maneno. Nani atalala chini kulitafuta? Mume wangu atafika Kisumu amekaa vizuri."

Odoi akaondoka asubuhi, mwaka ule mpaka ulipofunguliwa tena baada ya korona. Alinipungia mkono nje ya dirisha. Hakufika Kisumu. Hata mpakani hawakumwona.

Tulizunguka hospitali, tulizunguka vituo, tulipiga simu yake mpaka ikachoka kulia. Polisi waliandika kwamba amepita njia za panya na kuliuza gari. Basi maneno yakaota miguu. Odoi yuko Juba. Odoi ana duka la spea Juba na mwanamke mweusi mrefu kama yeye. Kila aliyetoka huko alikuwa amemwona, na kila mmoja alimwona amevaa nguo tofauti.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika, na naomba unielewe vizuri. Mama yetu, Aboth, aliamini mwanawe amekufa. Kanisani Kiyeyi wanawake walikuwa wakisogea akikaa kwenye benchi lao, na watoto walimwita mama wa mwizi. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, ukoo hukata mgomba ukauzika mahali pake, na watu wakalia msiba kama kawaida. Mama aliuomba ukoo umzikie Odoi mgomba, na baba mdogo Okanya, mkubwa wa ukoo, akakataa. Nani anamzikia mgomba mtu anayesemekana anakula samaki Juba? Ni uchuro huo.

Ajambo naye alishikilia Juba kwa meno. Alimtukana Odoi kila siku ya Mungu. "Mbwa yule! Arudi tu, nitamwonyesha." Akikaanga samaki anamtukana, akimfunga binti yao Phiona viatu vya shule anamtukana. Mwanzoni niliudhika, ni kaka yangu bwana, halafu nikaelewa. Mtu hamtukani marehemu. Mama alitaka mwanawe awe marehemu asiye mwizi, na mkewe alitaka awe mwizi aliye hai. Mimi nikawa katikati, nawapelekea wote wawili chai.

Kisha ukaja ukame ule uliokausha hata visima vya Buhehe. Asubuhi moja dalali wa vyuma chakavu, Jonan, alitua gunia mbele ya kibanda.

"Mama Phiona, nichambulie hizi. Kuna mtu wa Kampala anazitaka leo leo."

Ajambo alimwaga. Zilikuwa springi zilizooza, mkono wa kiti, bolti zenye tope, na reli moja ndefu iliyoshikana na kipande cha fremu ya kiti cha dereva. Akaanza kama kawaida yake. Orijino. Orijino. Orijino, mulamu, leo Jonan amefanya maajabu. Akaigeuza reli, akaifuta tope kwa kanga yake, akainama juu yake.

Niliacha chapati nikasogea. Kidole chake kilikuwa kimeingia kwenye tundu la nyuma kabisa, lile ambalo kiwanda hakikutoboa. Tulitazamana.

Lakini yeye hakuishia hapo, macho yake yalikuwa yameshasogea mbele. Lile tundu lake lilikuwa tupu. Pini ilikuwa imekaa kwenye tundu la kwanza, mbele kabisa, imeshikwa na kutu ikawa kitu kimoja na reli. Aliipiga kwa nyundo, haikutikisika. Mtu wa mwisho kukaa kwenye kile kiti alikuwa mfupi, magoti yake yalihitaji kuwa karibu na usukani. Odoi asingeingia pale hata akunjwe mara tatu.

"Jonan," akasema polepole, "umetoa wapi?"

"Kwa wafyatua matofali kule Buhehe. Shimo lao la udongo limekauka, wakakuta kigari chini kabisa, kimeoza chote. Manjano manjano hivi. Kwani vipi?"

"Wamekuta nini kingine?"

"Tope tu, Mama Phiona. Tope na hivyo vyuma."

Buhehe! Hapo nyuma yetu, upande huu huu wa mpaka. Kaka yangu hakuwa amekwenda popote. Anayeuza gari hulipeleka kwa mnunuzi, halizamishi shimoni. Wezi walimtoa kwenye kiti chake, mfupi mmoja akakaa, kisha wakaona kigari kama kile hakifichiki wala hakiuziki, kila mtu angeuliza, wakakisukuma majini. Na yeye walimtupa wapi, Mungu ndiye anayejua. Nilipiga ukunga, na Ajambo akaniziba mdomo kwa mkono wake wenye tope.

"Nyamaza! Wewe hujaona kitu."

Akamlipa Jonan gunia zima, akaifunga reli ndani ya kanga, akaisukuma chini ya cherehani. Akaendelea na kazi. Jioni alikaanga samaki, akamtukana Odoi kama kawaida, ila sauti ilikuwa inamkatika.

Nilivumilia nikashindwa. Jumapili moja nilitoka Kiyeyi nikiwa nimemwona Mama amekaa nje ya kanisa, peke yake, anasikiliza ibada kupitia dirishani. Nilifika kibandani nikiwa sina breki.

"Mama anakufa na aibu isiyo yake, na wewe umeikalia dawa! Toa hiyo reli. Ukisema wewe, Okanya ataamini. Hakuna mtu huku asiyejua kwamba hujawahi kudanganya juu ya chuma."

"Na mimi?" akaniuliza. "Nikishasema, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na ukweli."

"Ukweli utanigongea mlango usiku, mulamu? Eh? Utamwita Phiona kwa jina?"

Haki ya Mungu, nilitamani kumpiga na nilitamani kumkumbatia. Niliosha vikombe vyangu nikaenda kulala na hasira.

Kesho yake sikukuta kibanda kimefunguliwa. Nilimkuta ananingoja stendi ya magari ya kwenda Tororo, kanga mpya kichwani, kifurushi kirefu mapajani.

Kwanza tulipita polisi. Afisa aliipindua ile reli, akaandika mistari michache, akasema chuma si maiti. Walikwenda Buhehe kweli, nisiwasingizie, lakini mvua zilikuwa zimeanza na shimo limejaa maji. Wakarudi.

Kiyeyi hatukuhitaji polisi. Ajambo aliitandika reli juu ya mkeka mbele ya Mama na Okanya na ukoo wote uani. Hakuhutubia. Alionyesha tundu la nyuma, akasema hili nililitoboa mimi kwa ajili ya mume wangu. Akaonyesha pini ilipokwama, akasema hapa alikaa mtu mwingine. Kisha akaomba kigoda, akakaa na kuvuta magoti karibu na kifua, watu waone aliyekaa pale alikaaje. Okanya alitia kidole tundu moja baada ya jingine. Akamuuliza swali moja tu.

"Mke wetu, una uhakika ndiyo yenyewe?"

Ajambo aliitazama ile reli. Angeweza kusema hapana, ni feki. Neno moja tu, na hakuna mtu pale angembishia.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Wakakata mgomba. Waliufunga kwa shuka, wakauteremsha kaburini kando ya baba yetu, mchungaji akasoma jina la Odoi kwa sauti, na wale wale waliosogea kwenye benchi walikuja na masufuria ya chakula. Ajambo wakamnyoa kichwa kama mjane. Mama alikuwa kama aliyerudishiwa uhai. Alisimama njiani, mzee wa watu, akipiga vigelegele huku analia, akimshika kila mpita njia: mwanangu hakuiba, njooni mle, mwanangu hakuiba!

Nilimkuta wifi yangu nyuma ya jiko, chini, mgongo ukutani. Nilimpa chai. Hakuipokea.

"Auma," akasema. Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu. "Umeniona pale mkekani? Alikuwa anaishi. Alikuwa na duka Juba, ana mwanamke, anakula, ananenepa. Nilimtukana kila siku na yeye akaishi. Wale waliozamisha gari Buhehe hawakummaliza. Nimemmaliza mimi, kwa mdomo wangu."

Nilikaa naye chini nikamshika mkono, na mbele ya nyumba Mama aliendelea kumwambia kila aliyeingia kwamba mwanawe hakuiba.