Mtoto Haonjewi

Ukifika Makutano pale Meru asubuhi, jua halijapata makali, utawakuta wabeba mizigo wamesimama karibu na malori ya viazi, kila mmoja ameinua kidevu juu kama kuku anayekunywa maji. Usifikiri wanasali. Wanamalizia ucuru wa Karwirwa.

Ucuru ni uji, lakini si ule uji wa wagonjwa, mwembamba na mtamu. Huu umechachuka. Karwirwa huloweka mahindi na mawele, akayasaga, kisha akaacha ule unga wa maji siku tatu kwenye mtungi ulio pembeni mwa jiko. Siku ya tatu mtungi huanza kunong'ona wenyewe, pu, pu, pu, na ukitega sikio utadhani kuna watu wawili ndani wanasengenya. Hapo ndipo anauchuja na kuupika. Ukiunywa, uso unakunjamana kwanza, halafu mgongo unanyooka. Wabeba mizigo wanasema gunia la viazi bila ucuru ni magunia mawili.

Karwirwa ana miaka hamsini na saba. Mwili wake ni mdogo, mikono yake mikubwa. Ukimwona utafikiri mikono hiyo aliazima kwa mtu. Uji wake hautoi kwa vikombe vya plastiki kama wenzake. Ana kata moja, nusu ya kibuyu iliyong'aa kwa kushikwa, aliyorithi kwa mama yake. Na pamoja na kata alirithi sheria yake: kata haimfikii mgeni kabla mwenye kata hajaionja. Unapiga funda moja mbele ya macho yake, anaona koo lako likishuka, anajua hukumwekea sumu. Ndipo unampa.

"Lakini mtoto wako haonjewi," mama yake alimwambia, tena alimwambia akiwa amemwelekezea mwiko. "Mtu aliyenyonya ziwa lako, utamwonjea nini? Ukimwonjea ni kama umemwambia hukumzaa."

Basi Makutano kila mteja mpya alionjewa. Mbaka, kijana wa kubeba mizigo aliyetoka kule Embu penye jua na mbuzi wengi, alionjewa siku mbili tu. Siku ya tatu alimshika mkono.

"Mama, wacha kunionjea. Kwani mimi ni mgeni? Unanipunguzia uji bure!"

"Aai, huyu! Sasa umejifanya mtoto wangu?"

"Nimejifanya toka jana. Leta yote."

Wenzake walicheka mpaka gunia likamwangukia mmoja mguuni. Tangu siku hiyo Mbaka hakuonjewa tena, na akatembea pale sokoni akijigamba kama mtu aliyepewa cheo.

Mtoto wa kumzaa Karwirwa anaye mmoja, Gitobu. Huyo alikua na masharubu meupe ya ucuru juu ya mdomo. Alikwenda nao shule kwenye chupa, na siku moja gesi ikausukuma mfuniko, uji ukaruka hadi ubaoni. Mwalimu akamchapa. Gitobu alirudi nyumbani akilia, akaomba mwingine. Sasa anafanya kazi Nairobi, ana mke, Carol, na binti wa miaka sita, Ntinyari.

Mumewe Karwirwa, Elphas, alikuwa fundi wa kuchonga mawe ya kujengea. Miaka miwili iliyopita chakula kilianza kumkwama kooni. Kwanza ilikuwa nyama. Kisha mukimo, vile viazi vya kuponda. Mwishowe hata chai ilikuwa inakataa kushuka. Hospitali walisema kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, na kwamba wamechelewa. Kitu pekee kilichopita kilikuwa ucuru, uliochujwa mara mbili kwa kitambaa, ukatiwa kinywani kijiko kimoja kimoja. Karwirwa alimlisha hivyo wiki saba. Jumatano moja asubuhi Elphas alimeza kijiko cha nne, cha tano kikabaki mkononi mwa mkewe.

Siku ya mazishi, watu wakiwa wanakula, Mwenda, mdogo wake Elphas, alisimama. Hakumshtaki mtu. Aliuliza tu.

"Ndugu yangu, kitu cha mwisho kuingia kinywani mwake kilikuwa nini? Na kilitoka kwa mkono wa nani?"

Akaketi, akaendelea na wali wake. Mtu huzikwa, lakini swali nani atalichimbia kaburi? Gitobu alikuwa ameketi hapo karibu, sahani ya chakula cha mama yake magotini. Aliiweka chini ya kiti. Karwirwa aliona, akasema moyoni, ni uchungu wa baba.

Pasaka ilipofika Gitobu alikuja. "Tumekula Embu njiani, mama, tumeshiba kabisa." Sawa. Agosti akaja tena. "Daktari amenikataza vitu vichachu, nina vidonda vya tumbo." Pole, mwanangu. Desemba alikuja na kuku wa kukaanga na chipsi ndani ya mfuko wa karatasi, na maji ya chupa, akala akiwa amesimama mlangoni. Carol hakuja. Karwirwa aliwaambia majirani kwamba mwanawe ameshakuwa mtu wa mjini, tumbo lake limesahau. Mzazi hakosi la kumtetea mwanawe, hata kama hakuna aliyemshtaki.

Alhamisi moja mwaka huu Gitobu alipiga simu. "Mama, Jumapili nakuja na Ntinyari."

Karwirwa aliloweka mahindi siku hiyohiyo. Safari hii alikuwa na mpango wake. Mtungi aliufunika kwa blanketi, akawa anauendea kila saa kama aliyeachiwa mtoto wa mtu. Jumapili aliamka akaponda mukimo wa viazi, ndizi mbichi na majani ya malenge, akachinja jogoo aliyekuwa akimsumbua mwaka mzima. Ucuru aliutengeneza usiwe mkali sana, kwa sababu ya vile vidonda. Aliuonja mara tatu jikoni, peke yake, na kila mara aliongeza maji kidogo. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kumwona Gitobu akipangusa masharubu meupe.

Walifika saa saba. Gitobu alikuwa na ule mfuko wa karatasi mkononi. Alitazama meza ilivyojaa, akaweka mfuko juu ya kiti, akaukalia nusu.

"Shosho!" Ntinyari alimrukia bibi yake. "Tumekula samaki Embu! Alikuwa na macho!"

"Macho? Na wewe ukamla akikutazama?"

"Nilimgeuza. Baba alikula matumbo na chapati tatu. Na supu. Akaweka pilipili mob, nyingi kabisa, akalia machozi, yule mwenye hoteli akamletea tishu!"

Karwirwa alicheka. Cheko lilipofika katikati likasimama. Mtu wa vidonda vya tumbo, na pilipili. Alimtazama mwanawe. Gitobu alikuwa anakohoa, anaangalia simu ambayo haikuwa imelia.

"Huyo mwenye hoteli," Karwirwa aliuliza polepole, "mnajuana?"

"Hapana, mama. Ni mahali tu pa kupitia. Mambo ya safari."

"Hata jina lake hulijui."

"Nitalijuaje?"

Karwirwa aliinuka. Alipakua mukimo, akaweka paja la jogoo juu. Gitobu alichukua uma, akachora barabara katikati ya mukimo, akachora nyingine, akakata kona. Hakuna kilichofika mdomoni. Basi mama mtu akaleta kata, imejaa hadi ukingoni, akaiweka katikati ya meza. Hakuonja. Hata wazo la kuonja halikumjia, kwa sababu waliokuwa mezani hawakuwa wageni.

Ntinyari alinyoosha mikono yote miwili. "Ni uji? Mimi nataka!" Kata ilikuwa imeshagusa midomo yake.

"Ntinyari! Weka chini!"

Gitobu aliinyakua kwa nguvu hivi kwamba nusu ya uji ilimwagikia gauni la mtoto. Ntinyari akaanza kulia.

"Umepoa," Karwirwa alisema. "Haungemchoma."

"Si kuchoma, mama."

"Ni nini basi?"

Gitobu aliiweka kata mezani taratibu, kama mtu anayetua yai. "Mimi siamini maneno ya watu."

"Maneno gani?"

"Ya baba mdogo, Mwenda. Nimesema siamini! Niliona karatasi za hospitali kwa macho yangu. Lakini Carol ananiuliza, na mtoto ni mdogo, na ... Mama, wewe onja tu. Onja kwanza, halafu nitakunywa. Mbele yako. Mambo yaishe."

Nje jirani alikuwa anafukuza kuku wa watu. Ndani kulikuwa na sauti ya Ntinyari tu, akivuta kamasi.

Karwirwa alichukua kata kwa mikono yake mikubwa. Alipiga funda moja. Akamwona mwanawe anatazama koo lake, jinsi wateja wapya wanavyolitazama pale Makutano, sawasawa, bila tofauti yoyote. Koo lilishuka. Gitobu akashusha pumzi, akanyoosha mkono apokee.

Karwirwa hakumpa. Alipiga funda la pili. La tatu. Alikunywa bila kupumua, macho yake yakiwa juu ya ukingo wa kata, yakimtazama, mpaka alipoinua kidevu na tone la mwisho likashuka. Akaigeuza kata juu chini, akaiweka mezani.

"Nimeonja," akasema.

"Mama, nimekwambia nitakunywa."

"Mgeni hunywa ukibaki. Leo haukubaki."

Waliondoka kabla ya saa tisa. Gitobu alisema ni kwa sababu ya foleni za Jumapili. Ntinyari aliagwa akiwa amevaa fulana ya babu yake, gauni lake likiwa bado kwenye kamba. Ule mfuko wa karatasi ulibaki juu ya kiti, umebondeka. Karwirwa aliufungua, akatazama chipsi zilizolala kwenye mafuta yaliyoganda meupe, akaufunga tena.

Aliketi pale mezani na mukimo wenye barabara. Alikuwa hafanyi kitu. Baada ya muda aligundua kwamba kumbe anafanya: alikuwa anasikiliza tumbo lake. Ameweka kiganja juu yake, anangoja. Alikumbuka kijiko cha tano. Akajiuliza kama kitambaa kile cha kuchujia alikuwa amekiosha vizuri, na kama siku ile mtungi ulikuwa safi, ule uji ulikuwa wa siku tatu au nne? Tangu mazishi hakuwahi kujiuliza. Aliondoa kiganja haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Swali la Mwenda lilikuwa limefika mpaka hapo. Ndani kabisa.

Jumatatu alikuwa Makutano kama kawaida, dumu lake la manjano pembeni, kata mkononi. Mbaka alikuja mbio, mabega yamejaa vumbi la viazi.

"Mama! Jana umetuacha na njaa. Eti ulikuwa na mtoto? Na mimi ni nani?"

Karwirwa alimimina. Kisha, akimtazama usoni, akainua kata na kupiga funda moja.

Wenzake Mbaka walianza kucheka. "Umerudishwa nasari, bwana! Umekuwa mgeni!"

Mbaka hakucheka. "Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa mbona unanionjea?"

"Kuanzia leo naonjea kila mtu. Shika, unywe."

Alishika. Siku nyingine angeimaliza kwa pumzi moja na kuomba aongezwe. Siku hiyo aliitazama kata, akamtazama Karwirwa, akatazama tena ndani ya kata. Kisha akanywa, polepole, kwa adabu, kama mtu aliye nyumbani kwa watu.