Muuza Kompyuta wa Njia ya Isinya

Cheka ukitaka. Pasta wetu alicheka, shemeji yangu alicheka, na mama mmoja wa chama chetu cha kuweka akiba akaniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nimechoka kubishana na watu ambao hawakuwa hapo. Mambo haya yalinipata mimi, mchana, jua likiwaka. Nitakueleza vile yalikuwa. Usipoamini, basi, hiyo ni yako.

Ninaishi Kitengela na ndugu yangu mdogo, Kioko. Kioko alikuwa fundi wa stima, anavuta nyaya za umeme. Akiwa kwa mjengo huko Kware, Rongai, alianguka kutoka juu, na tangu hapo miguu yake haijasikia kitu. Wazazi wetu wanakaa kilimani, mahali ambapo kiti cha magurudumu hakiwezi kufika, kwa hivyo nikamleta kwangu.

Miezi ya kwanza alikuwa amegeukia ukuta tu. Nikimuuliza atakula nini, anasema chochote. Nikipika chochote, hali. Unajua vile hiyo inachosha? Halafu asubuhi moja, nikiwa navaa viatu niende kazini, akaniita.

"Sista, nataka kompyuta ya gemu."

Marafiki zake wa zamani walikuwa na timu yao, wanacheza kwa mtandao kila jioni, na walikuwa bado wamemwekea nafasi. Nilifurahi karibu nicheze hapo hapo mlangoni. Ni kitu cha kwanza alikuwa ameomba tangu aanguke.

Furaha hiyo haikufika jioni. Mimi nilidhani kompyuta ni kompyuta, unaenda dukani unanunua. Kumbe kuna zile zinauzwa zikiwa tayari, na kuna zile unanunua vipande unaunda mwenyewe, na watu wamegawanyika juu ya jambo hilo kama madhehebu. Nilimuuliza Abdirizak, jirani yetu aliyetoka Garissa, ambaye anauza simu na kompyuta kando ya duka la hadiwea ninalofanya kazi.

"Dada, wallahi, chukua iliyokamilika," akasema. "Unachomeka, unawasha. Ikisumbua, unanirudishia. Mambo ya kuunganisha ni ya watu walio na wakati."

Nikaona ni maneno ya mtu mzima. Nikayapeleka nyumbani.

"Zii," Kioko akasema. "Hizo za tayari wanakuwekea pawasaplai mbovu, ile ya kugawa stima ndani, halafu wanakudanganya na taa za rangi. Hii nitaijenga mwenyewe."

Basi masomo yakaanza. Bodi hii haikubali prosesa ile. Kadi ya picha ile haitoshi ndani ya kasha hili. Nikipata kitu kimoja, kinakataana na kingine kama wake wenza. Narudi kutoka kazini, miguu inaniuma, na kabla sijaweka mfuko chini naonyeshwa video ya mzungu akifungua skurubu. Siku moja nilishindwa.

"Kioko, kwani shida yako na kitu kilicho tayari ni nini?"

Hakuniangalia. "Sista, wewe unanivalisha viatu. Unanipakulia. Unanisukuma mpaka choo. Wacha kitu kimoja nifanye na mikono yangu."

Niliweka mfuko chini nikaenda kupika. Lakini hasira haikuisha, kwa sababu ni nani angezunguka jua lote akitafuta hivyo vipande? Ni mimi. Kwa hivyo, bila kumwambia, nikaendelea kutafuta ya tayari.

Tangazo lenyewe nililikuta kwa simu. Lilisema tu: kompyuta ya gemu, iko tayari, haina shida. Bei haikuandikwa. Nilipopiga, kijana mmoja akanieleza nyumba iko mbele ya Isinya ukielekea Kajiado, nije tu. Sauti ilikuwa kama nimeizoea, lakini wauzaji wote si wanaongea namna moja?

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nikaenda. Pale Isinya nikachukua pikipiki ya kijana anaitwa Saitoti. Nilimsalimia kwa Kimaasai, "Sopa", na lafudhi yangu ya Kikamba, akacheka, tukaacha lami tukaingia kwa vumbi. Upepo wa huko unaujua. Nilikuwa nimejaa mchanga mpaka masikioni na ninanung'unika njia nzima.

Nyumba ilikuwa ya mawe, haijapigwa plasta, peke yake katikati ya nyasi kavu. Hakuna jirani, hakuna mbuzi. Nilimwambia Saitoti aningojee chini ya mgunga uliokuwa hapo karibu. Nikabisha.

Aliyefungua mlango ni Kioko. Amesimama.

Niamini. Si mtu anayefanana na Kioko. Ni yeye, na shati lake la buluu, na lile jino la mbele lililokatika. Kitu kilichonishtua kwanza ni urefu wake. Nilikuwa nimesahau. Nimekaa nikimwangalia kutoka juu muda mrefu, na sasa ilinibidi niinue kichwa.

"Karibu, sista," akasema. "Umekuja kuona mashine."

Mbona sikutoroka? Watu wote wananiuliza hivyo, na inaniudhi. Wewe umwone mtu wako amesimama, utatoroka? Nilimfuata kama kondoo.

Ndani kulikuwa na meza moja tu na kompyuta juu yake. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Kasha la kioo, taa nyekundu na za samawati zinapita ndani kama maji, feni zinazunguka. Kwa skrini kulikuwa na gari linakimbia barabarani peke yake bila mtu kulishika. Na hakukuwa na sauti. Feni zote hizo, na kimya. Hata upepo wa nje sikuusikia tena.

Sasa sikia vile mtu aliyechoka anakuwa mjinga. Badala ya kumuuliza yeye ni nani, nilimuuliza, "Iko na waranti?"

"Haiharibiki."

"Pawasaplai yake ni nzuri?"

"Haihitaji."

Hapo ndipo nikaangalia chini. Waya wa stima ulikuwa umelala sakafuni, plagi yake juu, haijachomekwa popote. Nikakumbuka kwamba tangu tuache lami sikuwa nimeona nguzo hata moja.

"Unauza pesa ngapi?" nikauliza.

"Siuzi. Beba tu. Na mimi nitakuja na wewe, nikubebee," akasema, akitabasamu. "Lakini ile ingine uniachie."

"Ile gani?"

"Ile ya nyumbani. Ile inakusumbua."

Hakuwa anaongea juu ya kompyuta. Nilielewa mara moja, na yeye aliona nimeelewa.

Pasta angependa niseme nilikemea kwa jina la Yesu. Sikukemea. Nilikasirika. Nilikasirika vile unakasirika mgeni akikuambia ndani ya nyumba yako kwamba mtoto wako ni mchafu.

"Ananisumbua, ndio," nikamwambia. "Ananisumbua kutoka asubuhi mpaka usiku. Ni wangu. Wewe yanakuhusu nini?"

Tabasamu halikubadilika hata kidogo. Akaanza kuja upande wangu, na magoti yake hayakukunjika. Alikuja amenyooka vile, kama kabati inayosukumwa, na macho hayapepesi. Nilitoka mbio. Kiatu kimoja kilibaki huko na sijawahi kukitafuta.

Saitoti alikuwa tayari amewasha pikipiki. Uso wake ulikuwa umelowa machozi.

"Panda, mama, panda! Yule kwa mlango ni nani?"

"Ni ndugu yangu."

"Hapana," akasema. "Ni mama yangu. Ananipungia mkono nije. Na mama yangu ako Rombo, mbali huko!"

Hatukuangalia nyuma. Tulipofika Isinya alisimama akampigia mamake, na aliposikia sauti yake akachuchumaa kando ya barabara akalia kama mtoto. Mimi nilimpigia Kioko, hakushika. Sijui nilifikaje Kitengela. Nakumbuka tu watu wakiangalia mguu wangu usio na kiatu.

Nilifungua mlango nikamkuta kwa kiti chake, anasafisha kasha kuukuu alilopewa na Abdirizak. Nilimshika mabega, nikamshika magoti, nikamshika uso. Akanisukuma.

"Sista, leo uko na nini? Kwanza unanipigia na maswali ya ajabu."

"Maswali gani, na hukushika simu?"

Akanionyesha simu yake. Namba ilikuwa yangu, na muda ulikuwa ule nilikuwa ndani ya ile nyumba. "Umeniuliza kama niko tayari kuenda. Eti kuna mtu amekuja kunichukua. Nikakuambia siendi mahali, niko na kazi, nangoja pawasaplai. Ukakata."

Kwa simu yangu mimi hakukuwa na hiyo simu. Namba ya yule muuzaji, nayo, nilipoijaribu tena niliambiwa haipo.

Tuliunda mashine yetu. Nilizunguka na vipande kwa jua mpaka Abdirizak akaanza kujificha akiniona nakuja. Mara ya kwanza ilikataa kuwaka. Kioko akaifungua yote, akaanza upya, jasho linamtoka, na nilipotaka kumsaidia akanifukuza. Ilipowaka, alipiga kelele mpaka majirani wakatoka wakidhani kuna mwizi. Haina taa za rangi. Feni yake inanguruma kama posho mili ya kusaga mahindi. Siku hizi anacheza na wenzake kila jioni, anawatukana na kucheka, siwezi hata kusikia habari kwa televisheni, na chakula anakula akiwa hapo hapo, makombo kila mahali.

Nalalamika, ndio. Lakini kuna kitu kimoja hakijanitoka. Kioko akiniita kutoka chumba kingine, siitiki. Naenda mpaka mlangoni kwanza, nimwone ameketi. Yeye hudhani masikio yangu yameharibika. Na Saitoti alihama. Nasikia alirudi Rombo na pikipiki aliuza.

Kwa hivyo nunua ya tayari, au unda yako, hayo bishaneni na Abdirizak. Mimi nakuambia hivi tu: ukionyeshwa kitu kisicho na kasoro hata moja, na mwenyewe hataki kutaja bei, usikiguse na usimuulize waranti. Angalia waya kama umechomekwa. Halafu tafuta mlango, wakati bado anatabasamu.