Wimbo Tulioimba Mahameni

Mama yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama katika kijiji chetu kipya, upande wa Kwedizinga. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sijaolewa bado, nikiitikia mstari wa nyuma. Tuliimba wageni walipokuja na siku za kazi katika shamba la pamoja. Sifa zetu zilifika mbali, ndiyo maana watu wa picha wakatufuata.

Walikuja na Landrova kutoka Dar es Salaam: dereva, fundi wa kinasa sauti, na kijana mpiga picha aliyesomea kazi yake ng'ambo. Wapiga picha waliomtangulia walikuwa wakitupanga mstari kama watoto wa shule, tunaimba tukitazama mbele, basi. Huyu hakutaka hivyo. Alisema anataka mtu akiutazama wimbo aone kitu ambacho masikio hayawezi kumpa. Akauliza wimbo wetu wa kuhama ulikuwa unasema nini. Mama akamweleza kwamba unasema tumeiacha milango wazi, nani ataifunga.

"Hiyo milango iko wapi?" akauliza kijana.

Tukatazamana. Kijiji chetu cha zamani kilikuwa mbali, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Tulikihama kiangazi kilichopita, tulipotakiwa sote kukaa pamoja kando ya barabara. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyerudi kule.

"Kijiji kilichohamwa ni mahame, na mahameni hakuimbwi," Mama alisema.

Lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshakubali, na gari lilikuwepo. Kesho yake tukapelekwa.

Kilichonishtua kwanza kilikuwa kimya. Sijawahi kukaa kijijini bila kusikia jogoo, mchi au mtoto analia, na sasa hapo palikuwa na upepo tu. Majani yalikuwa yamefika vizingitini. Paa za nyasi zilikuwa zimebonyea katikati, kama mgongo wa punda mzee. Nyumba yetu ilikuwa wazi, na ndani yake ulikuwa umeota mmea wa mboga ya mchunga, mrefu, mweupe kwa kukosa jua. Sikuingia.

Kijana akatupanga njiani, nyuso zetu zikitazama kamera, migongo ikielekea nyumba. "Sasa tembeeni kinyumenyume," akasema. "Polepole, mpaka mfike katikati ya kijiji. Wenye nyungo wapepete mtama huku wakirudi nyuma."

"Kwa nini kinyumenyume?" nikauliza.

"Nitaugeuza mkanda. Mtaonekana mnatoka kijijini mnakuja mbele, lakini vumbi litarudi chini ya miguu yenu, na pumba zitatoka hewani zirudi katika ungo. Mtu atajua kuna kitu hakiko sawa, hatajua ni nini."

Tukatembea. Si jambo rahisi kurudi nyuma kuelekea nyumba zisizo na watu. Nilikuwa nahisi milango mgongoni kwangu, ule mlango na ule, kama mtu anavyohisi anapotazamwa. Hakuna aliyegeuka. Tuliogopa kuharibu picha, na tuliogopa kugeuka.

Baadaye fundi wa sauti akatukalisha chini ya ukingo wa paa moja, akavaa visikilizio vyake, tukaimba. Ubeti wa pili akainua mkono.

"Kuna mama anachelewa," akasema. "Sauti nene. Nyinyi mkimaliza kuitikia, yeye ndiyo anaanza."

Mama akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na sauti nene. Tukarudia. Fundi akainua tena mkono, safari hii alivua visikilizio akasikiliza kwa masikio yake matupu. Upepo.

"Malizeni," Mama alisema, "twende zetu."

Ndani ya gari, kijana aliahidi kuturudishia picha ile tuione sote.

Yule kijana alitimiza ahadi. Baada ya mavuno alirudi na gari la sinema, wakatundika turubai jeupe kwenye ukuta wa ghala, na watu walipotoka msikitini kuswali magharibi jenereta likawashwa. Kijiji kizima kilikuwa pale, wazee kwenye viti, watoto chini.

Nimetazama picha nyingi za nyimbo tangu siku hiyo, na wajukuu wangu hunionyesha nyingine kwenye simu zao, watu wanaruka kutoka kwenye magari yanayowaka moto. Sijaona iliyonishika kama ile. Tulikuwa tunatoka mahameni tukitabasamu, na vumbi lilikuwa linanyonywa na nyayo zetu. Pumba zilikuwa zinashuka kutoka angani, zinaingia kwenye ungo, zinakuwa mtama. Jani kavu liliinuka chini likarudi mtini. Watoto walicheka mwanzoni, kisha wakaacha. Na wimbo wenyewe haukugeuzwa, ulikwenda mbele sawasawa, na nyuma ya sauti zetu ilikuwepo ile sauti nene, inachelewa, inaitikia peke yake.

Ndipo Mama aliponishika mkono. "Tazama kule mwisho," akasema. "Nyuma ya mihogo."

Nikatazama. Kule nyuma yetu, juu ya paa moja, moshi mwembamba ulikuwa unashuka. Ulitoka mawinguni, ukaingia katika nyasi za paa, ukapotea ndani ya nyumba.

"Nani aliwasha moto?" Mama akauliza kwa sauti, wala si kuniuliza mimi.

Kila mtu aliijua nyumba ile. Ilikuwa ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane, ambaye kabla ya Mama ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo zetu. Siku ya kuhama alisema yeye haendi kijiji kipya, anakwenda kukaa na mwanawe kwenye mashamba ya mkonge Korogwe. Tulimwona akiondoka na kifurushi chake. Mwanawe naye, kama tulivyokuja kujua, aliamini mama yake yuko kwetu.

Baba hakulala. Kulipopambazuka tuliondoka watatu, yeye, Mama na mimi. Tulifika jua limeshapanda. Nyuma ya mihogo palikuwa pametunzwa vizuri: uwanja umefagiwa, kuni zimepangwa, mtungi umefunikwa. Mlango wake tu, katika kijiji kizima, ndio uliokuwa umefungwa.

"Dada," Baba akaita.

"Wifi yangu, ni sisi," Mama akaita. Mlango haukufunguka.

Nikasogea mlangoni. Kwa ufa wa ubao niliona jicho. Halikupepesa.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

Jicho likaendelea kunitazama, likashuka miguuni kwangu, likakaa hapo kwa muda. Kisha sauti nene ikasema, "Nenda mpaka kwenye mihogo, urudi."

Nikaenda, nikarudi.

"Marahaba," akasema, na komeo likavutwa.

Alikuwa amekonda lakini msafi, kanga imefungwa vizuri. Alinishika kifundo cha mkono, akanibonyeza mpaka nikaumia, akafanya vivyo hivyo kwa Baba na Mama. Ndipo akalia. Tulipokaa chini akatueleza.

"Nilifika Segera," akasema. "Nikakaa pale njia panda siku nzima. Gari hili linakwenda Tanga, hili Arusha, hili Dar es Salaam. Nikawafikiria watoto wangu waliolala hapa nyuma ya nyumba, na baba yao. Nikarudi kwa miguu."

"Na siku ile tulipokuja kuimba?" Mama akauliza. "Mbona hukutoka?"

Shangazi alimtazama kana kwamba Mama ndiye wa kuhurumiwa. "Nilichungulia nikawaona mnakuja kwangu migongo mbele. Hakuna hata mmoja aliyegeuza uso. Wifi, mtu aliye hai hatembei hivyo. Nikajua mmekufa wote huko mlikopelekwa, mmekuja kunichukua. Nikasema afadhali niitikie, mjue nipo tayari."

"Na tulipoondoka?"

"Nilifunga kifurushi changu, nikangoja mrudi."

Mama alijifunika uso kwa kanga.

Shangazi alipika bada, ugali wa muhogo, tukala naye, kisha Baba akazungumza naye peke yake makaburini. Sijui alimwambia nini. Alasiri shangazi alifunga mlango, akatangulia njiani bila kutazama nyuma.

Aliishi nasi misimu kadhaa. Gari la sinema lilipopita tena, wanawake walimbembeleza akaone mkanda uliomrudisha kwa watu. Akakataa. "Nilishauona," alisema. "Mimi niliuona kabla yenu."

Alilima ekari yake, alipatana na majirani, mwanawe akawa anakuja kumsalimia sikukuu. Lakini hakurudi kikundini. Alipofariki, Baba aliomba ruhusa kwa mwenyekiti, wanaume wakambeba asubuhi na mapema hadi mahameni, wakamlaza karibu na mumewe na watoto wake.