Kiwiko Kisicho na Kovu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Jumapili baada ya misa, watu waliposhangilia jina langu mpaka mabati ya ukumbi wa parokia yakatetemeka. Tangu siku ile nikisikia makofi, hata ya harusi, natamani kutoka nje. Kaa hapa karibu nikueleze kwa nini. Nimesikia wageni wenye kamera kubwa wamerudi Goma kutafuta sura, na sura waliyoipenda ni yako. Sikukuita nikupongeze. Wa kukupongeza wako wengi huko nje.

Wakati huo mimi ndiye nilikuwa kijana mwenye sura. Usinicheke, hili tumbo unaloliona lilikuja baadaye. Baba yangu alikuwa karani, tulitoka upande wa Bukavu, mashati yangu yalipigwa pasi hata siku za mvua, na kila Noeli niliigiza Yosefu au Herode kwenye mchezo wa parokia. Wale wageni walipokuja kutafuta akteri, yaani yule mtu mmoja ambaye filamu nzima inamfuata, hawakuhangaika. Walinitazama upande huu, wakanitazama upande ule, wakasema inatosha.

Kamera yao haikuwa kama hizi mnazotia mfukoni. Ilibebwa na wanaume watatu, na filamu iliyopita ndani yake ilikuwa pana karibu sawa na kiganja changu. Mwongozaji wao alinieleza kwamba picha ya filamu pana namna ile haifichi kitu: ukiitupa ukutani, jicho la mtu linakuwa kubwa kama mlango, na vinyweleo vyake unaweza kuvihesabu. Mimi nilishika hilo la jicho tu. Nilikuwa nimeshajiona ukutani.

Sehemu kubwa ya filamu ilikuwa mteremko. Shujaa anawakimbia wabaya kwa chukudu, anashuka barabara ya Rutshuru kutoka Kibumba kuja Kanyaruchinya, viazi vinamwagika nyuma yake. Chukudu unaijua, gari letu la mbao la magurudumu mawili, lakini kuijua kwa macho ni jambo moja na kuishusha mlimani ni jambo lingine. Mimi niliijua kwa macho. Na bado nilikwenda redioni nikasema kwa mdomo wangu huu kwamba mimi simtumi mtu akaanguke mahali pangu, kwamba maakteri wakubwa wa dunia wanaruka wenyewe, basi na mimi nitashuka mwenyewe. Mji mzima ulisikia.

Siku ya kujaribu niliweka goti juu ya ubao, nikasukuma, na kufumba na kufumbua nilikuwa ndani ya mtaro pamoja na vitunguu vya mama mmoja aliyekuwa anauza kando ya njia. Sikuumia. Nilisimama, nikajipangusa, nikataka kurudia, miguu ikagoma. Ilitetemeka mbele ya watu wote. Nikasingizia njaa.

Hapo ndipo nilipomfuata rafiki yangu. Jina lake nitalisema mahali pake, usiniharakishe. Familia yao ilishuka kutoka milima ya Masisi bila ng'ombe hata mmoja, wakajenga Mugunga, na yeye akaacha shule mapema ili asukume chukudu. Katika mteremko ule hakuna aliyemfikia. Kimo chake kilikuwa changu, na mabega yetu ukiyaangalia kwa nyuma usingejua la nani ni lipi. Mama yake, Mama Faida, alikuwa mshonaji. Ndiye aliyeunganisha mashuka meupe ya kuonyeshea filamu, na ndiye aliyeshona mashati mawili ya manjano ya shujaa, sawasawa kabisa. Hakuuliza kwa nini mawili.

Mama yule alikuwa na huzuni moja. Katika kikundi cha wamama wa parokia, wenzake walikuwa na watoto makarani, watoto walimu, mmoja alikuwa hata na mtoto padri. Akiulizwa wake anafanya nini, alijibu kwa sauti ya chini, kisha anaanza kutafuta sindano ambayo haikupotea. Mwanawe alikuwa anayaona hayo yote.

Nilimkuta rafiki yangu anabadilisha ule mpira wa gurudumu la nyuma, ule wanaoukanyaga ili kufunga breki. Nikamweleza shida yangu. Kwanza alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama vitunguu vilipona. Kisha akaacha kucheka.

"Nitashuka," akaniambia. "Ila minakuomba kitu kimoja. Siku ya kuonyesha, utaje jina yangu pale mbele. Mama asikie, na wale wamama wengine wasikie."

Nikamshika mkono. Nilimwapia kwa Bikira Maria, mwanangu, na rozari ilikuwa shingoni mwangu.

Akashuka. Gari la kamera lilimfuata kwa nyuma, na kamera nyingine ilikuwa imelazwa chini kwenye mawe. Mimi nilisimama kando ya barabara na shati langu la manjano safi. Alipita mbele yangu ameinama, mguu juu ya mpira, moshi unatoka kwenye gurudumu, uso umetulia kabisa. Kwenye kona ya mwisho gurudumu la mbele lilipiga jiwe. Chukudu ikaenda huku, yeye akaenda kule, akaburuzwa kwa kiwiko juu ya mawe ya volkano, na mawe yetu unayajua. Nilimkimbilia. Kiwiko kilikuwa wazi, nyama imetoka, weupe wa mfupa unaonekana. Mwongozaji alikuwa anapiga makofi kwa furaha, maana kamera ya chini ilikuwa imeshika kila kitu.

Rafiki yangu alipelekwa akashonwe. Mimi nikalazwa palepale alipoangukia, nikapakwa vumbi na rangi nyekundu mashavuni, nikamwagiwa maji ya chupa yawe jasho langu, wakapiga picha uso wangu. Niliambiwa niheme, nikahema. Mkono wake haukunyooka tena sawasawa.

Miezi ikapita, filamu ikarudi. Waliionyesha katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa maturubai, mashuka ya Mama Faida yamefunika ukuta mzima. Kabla ya kuanza, mwongozaji alinivuta pembeni akaniambia watu wanampenda akteri anayefanya hatari zake mwenyewe, na ndiyo inayouza filamu, kwa hiyo nikiulizwa nitabasamu tu. Nisikilize vizuri hapo, mwanangu. Nitabasamu tu. Hakuniagiza kitu zaidi.

Mteremko ulipofika, watu walisimama. Mgongo wa rafiki yangu ulijaza ukuta kutoka sakafu mpaka dari, kila mkunjo wa shati unaonekana, na kiwiko kilipokwanguka juu ya jiwe ukumbi mzima ulipiga yowe. Mshono wa mashuka ulipita katikati ya jeraha. Halafu ukatokea uso wangu, mkubwa, mzuri, wenye jasho la chupa, na vijana wakaanza kuimba jina langu, Deo, Deo.

Maturubai yaliposhushwa, katekista alinipa maikrofoni, akaniuliza mbele ya watu wote kama ule mteremko niliushuka mimi mwenyewe. Rafiki yangu alikuwa safu ya tatu, amevaa koti la mikono mirefu, kando ya mama yake. Alimwambia mama avae kikwembe chake kipya, kitenge chake cha sikukuu, na alikuwa amekivaa. Wote wawili walikuwa wananitazama, wanangoja. Jina lilikuwa juu ya ulimi.

Nikasema ni mimi. Na sikuishia hapo, laiti ningeishia hapo. Nikaanza kueleza jinsi goti linavyolegezwa ili ubao usikurushe, jinsi mpira unavyokanyagwa kidogo kidogo usishike moto. Yalikuwa maneno yake, alinifundisha mwenyewe tukiwa tumekaa juu ya magunia ya makaa. Nikasema hata kiwiko kiliniuma sana, nilikosa usingizi. Watu wakafurahi. Na rafiki yangu akapiga makofi, kwa ule mkono usionyooka.

Mama Faida akainuka, akaja mbele. Nilidhani anakuja kunitukana, na Mungu anajua ningependa anitukane. Hapana. Alinishika mkono kwa upole, akafungua kifungo cha shati langu, lile la manjano la filamu, akaanza kuukunja mkono wa shati polepole mpaka juu, mbele ya wamama wenzake.

"Pole, mutoto wangu," akasema. "Ile jiwe ilikukata vibaya, sisi wote tumeona. Kovu iko wapi?"

Ngozi yangu ilikuwa laini. Akakitazama kiwiko hiki, akakunja na mkono wa pili, akakitazama na kile. Aliishusha mikono ya shati yote miwili, akaifunga vifungo, akainyoosha kwa kiganja, kwa kuwa yeye ndiye aliyelishona shati lile. Kisha akarudi kwa mwanawe, wakatoka. Wamama waliokuwa karibu walikuwa wananiangalia mikono. Nyuma ya ukumbi vijana walikuwa bado wanaimba jina langu. Maikrofoni ilikuwa bado mkononi, mwanangu. Hata hapo ningeweza kusema, ningewakimbilia mlangoni. Nilimrudishia katekista.

Wageni wakaondoka na filamu yao, na hawakunirudia. Mimi nikawa najiambia nitalisema siku nyingine, nikipata nafasi nzuri, na nafasi nzuri unajua mwenyewe jinsi isivyofika. Rafiki yangu hakunigombeza hata mara moja. Tukikutana sokoni ananiuliza habari za nyumbani, ananipa mkono wake uliopinda, na mimi naangalia chini nikijifanya natafuta sarafu. Hivyo ndivyo tulivyozeeka.

Mama Faida akafariki. Baada ya mazishi, pale Mugunga, nilimfuata rafiki yangu nyuma ya nyumba, alikuwa anaosha majembe ya kuchimbia kaburi. Nikamwambia kesho naenda redioni, ileile redio, nitasema ukweli wote na jina lake nitalitaja. Alinitazama bila hasira.

"Deo," akasema, "mimi nilitaka mama asikie."

Akaendelea kuosha jembe. Nilisimama pale nikilia, mtu mzima mwenye wajukuu, na yeye ndiye aliyefiwa. Redioni nilikwenda hata hivyo. Hakuna aliyekumbuka filamu ile, mtangazaji akanishukuru, akapiga muziki.

Basi, mwanangu, mimi sikukatazi. Nenda kwa wageni wako, wakupake vumbi, wakumwagie maji, uso wako ujaze ukuta, ni kazi nzuri na unaiweza. Lakini pale kazini utamkuta mtu amevaa shati sawa na lako, ana mgongo sawa na wako, ndiye atakayeanguka. Muulize jina lake kabla kamera haijawaka. Muulize na jina la mama yake. Siku ya kuonyesha, litaje lake kabla ya lako, siku hiyohiyo, wakati anayepaswa kulisikia amekaa pale na kikwembe chake. Wakikuambia utabasamu tu, usitabasamu. Na ukiogopa, sema umeogopa. Miguu yangu ilitetemeka mbele ya watu wote na leo hakuna anayeikumbuka. Ninachokumbuka mimi ni vidole vya yule mama vikikunja mkono wa shati langu.

Mungu akulinde na mawe ya barabara ile, na makofi akulinde nayo zaidi. Akupe sura isiyochakaa haraka kama yangu, na mdomo usiokwama saa inapofika. Akusimamishie watu wema nyuma yako, na wewe uwe mwema kwao. Aliyeshuka kutoka Kibumba siku ile, amevaa shati la manjano, ni Bauma, mtoto wa Mama Faida wa Mugunga. Sasa lirudie jina hilo kwa sauti, nikusikie, kisha uende na amani.